Kabla Hujanunua Sili

Doa la oili chini ya gari halisemi injini inavuja wapi. Linasema tu oili iliishia wapi. Kabla ya kudondoka sakafuni imeteremka kwenye bloku, imefuata ukingo wa sampu, imepeperushwa nyuma na upepo wa feni, halafu ikaning'inia kwenye bolti iliyo chini kuliko zote. Bolti hiyo mara nyingi iko pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi anachungulia, anaiona oili hapo, anainuka akijifuta mikono: "Mzee, sili ya nyuma imeenda." Giaboksi inashushwa, sili mpya inaingia, pesa ya klachi inatoka pia kwa sababu tumeshafungua, na wiki inayofuata doa liko palepale.

Ninachowaomba wenye magari ya zamani hapa Kisumu ni kwamba msinunue sili wala gasketi kabla hamjaiona oili ikitoka, kwa macho yenu. Kuiona mahali ilipofika hakutoshi. Shughuli yenyewe haihitaji mitambo. Sabuni, poda, tochi na kadibodi vitakufikisha mbali, mradi usiharakishe.

Nina magari mawili akilini. La kwanza ni Pijo 504, iliyozinduliwa mwaka 1968, ikaunganishwa Mombasa, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, lakini watu wa Nyanza wanaikumbuka zaidi kwa kubeba abiria na mizigo kupanda Kericho kwenda Nairobi. La pili ni Land Rover Series III yenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, ambayo nchini Kenya iliunganishwa Thika, na ambayo ilifaa matope ya mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil kuliko gari lolote la wakati wake. Mwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe au Datsun 1200 atafaidika vilevile, ila itabidi atafute sehemu zilivyokaa kwenye injini yake.

Anza na kadibodi. Egesha gari mahali tambarare jioni, injini ikiwa bado moto, tandaza kadibodi kubwa chini kuanzia rejeta hadi nyuma ya giaboksi, na uandike kwa kalamu bampa iko wapi na magurudumu ya mbele yako wapi. Asubuhi utakuwa na ramani. Utajua pia kama kinachodondoka ni oili ya injini au kitu kingine. Oili ya injini iliyokwisha kutumika ni nyeusi au kahawia. Ya difu, na ya giaboksi ya Land Rover, ni nzito na inanuka salfa. Maji ya breki na ya klachi ni mepesi, na yakigusa rangi ya gari yanaimenya. Kwenye Land Rover silinda ndogo ya klachi iko karibu sana na mahali watu wanapolaumu injini, kwa hiyo usiipite. Pijo nayo ina mtego wake: giaboksi yake iliundwa itumie oili ya aina ileile ya injini, basi harufu haitakusaidia. Tazama rangi. Oili ya giaboksi haichomwi na moto wa petroli, hubaki na wekundu wa asali hata baada ya miezi, ilhali ya injini inakuwa nyeusi mapema.

Fanya hesabu pia. Tukikadiria matone 20 kwa mililita moja, gari linalotoa tone moja kila dakika usiku na mchana litapoteza mililita 72 kwa siku, yaani lita moja kwa wiki mbili. Hilo ni tone kila dakika bila kupumzika, na kadibodi yake itakuwa imeloa. Sasa ikiwa unaongeza lita nzima kila wiki na kadibodi yako ina madoa mawili ya ukubwa wa shilingi ishirini, oili haivuji. Inaungua. Mwambie mtu akufuate kwa nyuma. Moshi wa bluu ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda kilima, shuku ringi. Ukitoka baada ya kuteremka mteremko mrefu ukiwa umeachia mguu, kisha ukakanyaga tena, shuku miongozo ya vali. Hakuna sili itakayotibu hayo.

Kabla ya kuosha chochote, chunguza injini inavyopumua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini nusu ya gasketi zinazonunuliwa kwa magari haya zingebaki dukani kama watu wangeanzia hapa.

Hakuna pistoni inayoziba silinda kabisa. Kila mlipuko unapitisha gesi kidogo kando ya ringi, na gesi hiyo inaingia kwenye sampu. Watengenezaji waliijua, wakaweka bomba la kupumulia linaloitoa gesi na kuipeleka kwenye kabureta au nje. Bomba likiziba, gesi inabaki ndani na kusukuma. Itatafuta pa kutokea: gasketi ya kifuniko cha tapeti, sili ya mbele nyuma ya puli, sili ya nyuma, hata tundu la kijiti cha kupimia oili. Kwa hiyo ukiona injini imeanza kuvuja mahali pengi kwa wakati mmoja, usidhani gasketi zote zimekubaliana kufa mwezi mmoja. Ukikuta kijiti cha oili kimejiinua chenyewe baada ya safari, umeshapata jibu.

Kipimo chake ni glavu ya mpira ya hospitali, ile inayouzwa kwenye duka la dawa. Washa injini mpaka ipate moto, iache ikizunguka polepole, ondoa kifuniko cha kujazia oili, kisha vuta mdomo wa glavu juu ya shingo hiyo. Angalia mikono yako na feni. Kwenye injini inayopumua vizuri, glavu italegea au kunyonywa ndani kidogo. Ikivimba na kusimama vidole vyote vitano, ama njia ya hewa imeziba ama ringi zimekwisha. Basi fungua bomba la kupumulia, litoe kabisa, na utazame ndani. Kwenye kifuniko cha kupumulia cha Land Rover kuna wavu wa nyaya ambao huziba kwa masizi na vumbi. Uloweke kwenye mafuta taa usiku mzima, uukung'ute, uukaushe. Gari lililokaa muda mrefu shambani linaweza kuwa na udongo wa dondora ndani ya bomba. Wale wadudu hawabagui. Tundu lolote lenye kivuli kwao ni nyumba. Safisha, rudisha, rudia glavu. Kama bado inavimba wakati njia iko wazi, ndipo ukapime kompresheni ya kila silinda, na hapo sasa unazungumzia ovaholi, jambo ambalo afadhali ulijue kabla hujatumia pesa kwenye sili.

Nusa pia kijiti cha oili. Magari haya yanavuta petroli kwa pampu inayoendeshwa na kamshafti, na ngozi ya pampu ikichanika petroli inaweza kuingia kwenye sampu. Oili inapanda badala ya kupungua, inakuwa nyepesi kama maji, na gasketi iliyokuwa ikivumilia oili nzito inaanza kuiachia. Ukisikia harufu ya petroli kwenye kijiti, usiendeshe. Tengeneza pampu, mwaga oili yote, weka mpya, halafu uone ni uvujaji gani umebaki.

Sasa osha. Injini yenye miaka arobaini ya vumbi la Kano lililochanganyika na oili haiwezi kukueleza lolote. Imelowa kote, na kila sehemu inaonekana na hatia. Iache ipoe. Funga kabureta, distributa na alteneta kwa mifuko ya plastiki. Kwangua tope nene kwa kijiti cha mbao, paka mafuta taa kwa brashi, ngoja robo saa, kisha osha kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Mashine ya maji ya presha iweke mbali: hupeleka maji ndani ya distributa na kupita midomo ya sili ambazo pengine zilikuwa nzima.

Na usiifanye kazi hii ziwani. Najua desturi ya Kisumu ni kuteremsha gari hadi ufukweni likaoshwe huku mwenyewe akisubiri samaki wake. Mwili wa gari nao ni hoja ya kujadiliwa, lakini injini haina mjadala. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, maji yake hayabadiliki upesi kama ya ziwa lililo wazi, na mji wenyewe unavuta maji ya kunywa kutoka Dunga. Oshea nyumbani au gereji yenye sakafu ya simiti, tandaza vumbi la mbao chini kunyonya uchafu, na oili iliyomwagwa iweke kwenye mtungi wenye kifuniko. Mafundi wa mbao huichukua kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa.

Injini ikishakauka, ipake poda. Poda ya mtoto inatosha. Imimine kiganjani na uipulize juu ya viungo vyote: ukingo wa kifuniko cha tapeti, kifuniko cha cheni mbele, pampu ya petroli, shina la distributa, swichi ya presha ya oili, filta, mzunguko wa sampu. Utaona injini nyeupe isiyopendeza. Kisha washa, iache izunguke dakika kumi bila kuondoka, na utazame kwa tochi na kioo kidogo cha kunyolea. Oili mbichi ikipita kwenye poda inaacha njia nyeusi, na njia ina mwanzo. Fuata kuelekea juu na kuelekea mbele. Mvuto unaishusha oili, feni inaipeleka nyuma, kwa hiyo sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kwenye Pijo kumbuka injini imelazwa upande kwa nyuzi 45 hivi. Oili ya juu haitashuka wima, itakimbilia upande ulioinama, na upande mwingine unaweza kubaki mkavu ukakudanganya.

Ikiwa haikuvuja ikiwa imesimama, nenda barabarani. Tuna bahati ya kuwa na barabara mbili za kupimia. Ya Ahero ni tambarare: endesha kwa mwendo mmoja hadi oili iwe moto na nyepesi, rudi, tazama. Kesho yake safisha tena, weka poda tena, upande ya Kakamega kupitia Mamboleo hadi Kiboswa. Kwenye mlima oili inalala nyuma ya sampu na injini inafanya kazi nzito, gesi zikiongezeka. Gari lililokuwa kavu Ahero likarudi limelowa kutoka Kiboswa, tazama nyuma ya injini au tazama upumuaji tena. Usifanye safari zote mbili kwa siku moja bila kusafisha katikati, maana utapata njia mbili zilizopishana na hutajua ipi ni ipi.

Kwa uvujaji mkaidi, maduka ya vipuri huuza rangi inayong'aa unayomimina ndani ya oili. Inahitaji taa ya zambarau, na kitochi cha kukagulia noti bandia, kile walichonacho wenye maduka, kinafanya kazi vizuri gizani. Jizoeze kwanza kutazama oili isiyo na rangi hiyo, kwani nayo hung'aa kidogo.

Washukiwa wenyewe wapange kwa bei. Swichi ya presha ya oili, kile kidude chenye waya kinachowasha taa nyekundu, ni rahisi kununua na huvuja katikati, kwenye plastiki, ikirusha oili mbali kiasi cha kumchanganya mtu. Wasa ya shaba ya bolti ya kumwagia oili imekandamizwa mara nyingi tangu gari litoke kiwandani, weka mpya. Kwenye Land Rover filta ni ya kopo lenye kichujio ndani, na mpira wake umekaa kwenye mfereji. Aliyebadilisha filta bila kutoa mpira wa zamani ameweka miwili, na miwili haizibi. Kifuniko cha tapeti cha Land Rover kinashikwa na nati tatu tu. Mtu akiona oili anazikaza, bati linapinda, oili inaongezeka, anakaza tena. Toa kifuniko, kilaze kwenye kioo cha dirisha uone kinapoinuka, kigonge taratibu kinyooke, halafu uweke gasketi mpya ya koki na ukaze kwa nguvu ya vidole na robo mzunguko. Shuka kutoka hapo hadi vifuniko vya ubavuni vya tapeti, ambako pampu ya petroli imefungwa pia.

Gasketi ya karatasi ikikosekana dukani, wala huna haja ya kumtuma mtu Kirinyaga Road Nairobi. Mafundi wa jua kali wa Kibuye hulaza karatasi ya gasketi juu ya chuma chenyewe na kugonga ukingo kwa nyundo ya kichwa cha duara mpaka umbo linakatika lenyewe. Ni ufundi wa kupendeza kuutazama, na ukifanywa vizuri unatoshea kuliko gasketi ya pakiti. Ninachogombana nao ni gundi. Silikoni ikipakwa nene, inayobanwa nje unaiona, lakini nyingine kama hiyo imebanwa ndani. Inakatika, inaelea kwenye oili, inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Umezuia tone moja na kuua beringi.

Ikiwa vyote vya juu ni vikavu na kadibodi bado inalowa chini ya kiungo cha giaboksi, sasa ndipo tuzungumze kuhusu sili ya nyuma. Land Rover ina tundu chini ya nyumba ya klachi, lenye bolti ambayo hufungwa gari linapokwenda kuvuka maji na kutolewa baadaye. Wengi wetu tulioishi na mafuriko ya Nyando tumeifunga na kuisahau. Ifungue. Oili ikimwagika kutoka ndani na ni nyeusi, inatoka kwenye injini. Ikiwa nzito na yenye salfa, ni sili ya giaboksi. Na hata ikiwa ya injini, si lazima iwe sili yenyewe: kando ya kifuniko cha beringi ya nyuma kuna vipande viwili vyenye umbo la T ambavyo huvuja sana, na oili yake huonekana sawasawa na ya sili. Ukishafungua, badilisha vyote pamoja, na klachi uitazame, kwa sababu sakafu na viti vimeshatoka. Pijo ni ngumu zaidi. Shafti yake inapita ndani ya bomba lililofungwa toka giaboksi hadi difu, kwa hiyo giaboksi haitoki bila kusogeza mambo ya nyuma. Fundi anayekuambia ni kazi ya asubuhi moja hajawahi kuifanya.

Kabla ya kufungwa tena, pitisha ukucha kwenye krankishafti mahali mdomo wa sili unapogusa. Ukisikia mfereji, sili mpya haitadumu. Isukumwe ndani au nje milimita mbili hivi iguse chuma laini, ikiwa nafasi inaruhusu.

Oili yenyewe iwe ya madini, 20W-50. Nyepesi za kisasa zimetengenezwa kwa injini zenye nafasi finyu, na zenye sabuni nyingi huosha masizi ambayo kwa miaka yamekuwa yakiziba matundu madogo. Mtu anabadilisha oili kwa nia njema, na siku ya tatu gari linavuja.

Si kila unyevu unastahili spana. Kifuniko cha tapeti kinachotoa jasho lisilodondoka kiache, kifute Jumamosi, pima oili kila unapoweka petroli na uandike kiasi unachoongeza. Lakini oili inayodondokea ekzosi ni hatari ya moto, na inayofika kwenye klachi itakuacha katikati ya kilima cha Kiboswa na lori nyuma yako. Gari la namna hiyo lisiondoke uani mpaka litengenezwe, na hata likitengenezwa, mtungi wa kuzimia moto uwe umefungwa pale mkono wa dereva unapofika.